Uzi: Chupa ya pembeni imekuwa nyekundu, ya kwenye taa kali haina kitu. Je, mwanga mwingi unaua bakteria wa salfa?

1. Mwalimu_Himbi (Goma)
Salamu kwenu wote. Nafundisha biolojia kwenye shule moja ya sekondari hapa Goma, na pamoja na wanafunzi tulitengeneza safu za matope za Winogradsky, yule Mrusi wa karne ya 19 aliyeonyesha kwamba ukifungia matope, karatasi na chumvi za salfa ndani ya chombo cha kioo, bakteria hujipanga wenyewe kwa matabaka kufuatana na mwanga, hewa na salfa. Matope tuliyachota sehemu yenye majimaji kando ya ziwa, nje ya mji, tukayachanganya kwenye ndoo moja na vipande vya karatasi, unga wa jasi (chumvi yenye salfa) na kiini cha yai, kisha tukajaza chupa tatu kubwa.

Chupa A iko dirishani. Chupa B iko chini ya taa nyeupe ya LED inayotumia betri ya jua, na haizimwi usiku wala mchana. Chupa C iko pembeni mwa stoo, karibu na ampuli (balbu) ya zamani yenye waya, ambayo huwaka pale tu umeme unapokuwepo. Leo C ina ukanda wa rangi ya zambarau nyekundu kwenye kioo, upana wa kidole, juu kidogo ya matope. A ina kijani juu na mstari mwembamba wa wekundu chini. B, iliyopata mwanga mwingi kuliko zote, imejaa kijani kwenye maji tu, na matope yake ni ya kijivu.

Ninachodai ni kwamba mwanga mwingi unawaua bakteria hawa wa salfa wanaotoa rangi ya zambarau nyekundu. Mwenye hoja tofauti aniambie.

2. Fundi_Ampuli (Birere)
Mwalimu, si wingi wa mwanga, ni aina yake. Jicho lako linakudanganya kwa sababu linahesabu kile linachokiona. Ampuli ya waya inatoa sehemu kubwa ya nguvu zake kama infraredi, na wewe unaiita hafifu kwa kuwa huioni. LED nyeupe imetengenezwa kwa ajili ya macho ya watu, kwa hiyo baada ya rangi nyekundu inayoonekana haibakii na kitu cha maana. Mpe bakteria chakula anachokula yeye, usimpe unachokula wewe.

3. Kemia_Lshi (Lubumbashi)
Naunga mkono namba 2, na naongeza takwimu ili tusibishane hewani. Bakteria wa zambarau wa salfa, kama Allochromatium vinosum, wana bakterioklorofili a, rangi yao ya kunasa mwanga, ambayo ndani ya seli hufyonza sana mwanga wenye urefu wa wimbi kati ya nanomita 800 na 890. Jicho la binadamu linakoma karibu na 700. Waya wa ampuli unaowaka kwenye joto la kelvini 2,800 hivi una kilele cha mwanga wake karibu na nanomita 1,000, kwa hiyo eneo lote la 800 hadi 890 limejaa. LED nyeupe ina kilele cha bluu karibu na 450, kisha kilima kipana cha kijani na njano kinachoshuka kuelekea 700. Ukilinganisha taa hizi mbili kwa lux, umelinganisha kwa kipimo kilichotengenezwa kwa jicho la mtu, na kipimo hicho hakina maana yoyote kwa kiumbe anayeishi kwenye 850.

Jambo hili si jipya. Mjerumani Engelmann, miaka ya 1880, alitandaza rangi za mwanga chini ya hadubini, akaona bakteria wa zambarau wanajikusanya kwenye sehemu zile wanazozifyonza, pamoja na sehemu ya infraredi ambayo yeye mwenyewe hakuweza kuiona.

4. Dada_Hadubini (Bukavu)
Takwimu za Kemia ni sahihi, lakini hitimisho limekimbia mbele yake. Bakterioklorofili a haina kilele kimoja. Inafyonza pia karibu na 375 na karibu na 590, na hiyo ya pili LED nyeupe inayo kwa wingi. Juu ya hapo kuna karotenoidi, zile zinazowapa rangi ya zambarau, ambazo hunasa mwanga wa bluu na kijani, takriban kati ya 450 na 550, na kupitisha sehemu ya nguvu yake. Ni kweli kwamba hasara ipo njiani, lakini kutoka kwenye hasara hadi kwenye sifuri ni mbali.

Tena bakteria wa kijani wa salfa, yaani kina Chlorobium, wana bakterioklorofili c, d au e ndani ya vifuko vyao vinavyoitwa klorosomu, na hizo hufyonza vizuri karibu na 450 hadi 460 mbali na kilele chao cha 715 hadi 755. Chini ya LED nyeupe hao walipaswa kustawi. Mimi nimewahi kuwaotesha chini ya ukanda wa LED wa kawaida wa dukani, wakatoka vizuri kabisa. Kama taa ndiyo shida, mbona chupa B haina hata tabaka la Chlorobium?

Maoni yangu: kilichoshinda kwenye B ni mwani na sianobakteria. Taa ile inawapenda wao. Walipotawala, walijaza maji oksijeni, na oksijeni ikashuka hadi kwenye matope. Chlorobium haivumilii oksijeni kabisa, na wale wa zambarau nao hawastawi ikiwapo pamoja na mwanga mkali.

5. Papa_Lava
Samahani kwa kuingilia wataalamu. Je, hao bakteria nao si wanatoa oksijeni kama jani lolote linalopata mwanga? Basi mwani unawadhuru vipi kwa kitu ambacho wao wenyewe wanakitengeneza?

6. Kemia_Lshi
Hapana, Papa. Hapo ndipo wanapotofautiana na jani. Jani linavunja maji na kuachia oksijeni. Bakteria hawa wanavunja haidrojeni salfaidi, ile gesi yenye harufu ya yai bovu, na kuachia salfa. Mwanasayansi van Niel aliliandika jambo hilo kwa mlinganyo mmoja mwaka 1931, akaonyesha kwamba njia zote mbili ni sura ya kitu kilekile. Wale wa zambarau wa jamii ya Chromatium huhifadhi salfa hiyo ndani ya seli kama punje zinazong'aa. Wale wa kijani huitema nje. Kwa hiyo usanisinuru upo, ila oksijeni haipo.

7. Papa_Lava
Asante, nimeelewa. Sasa najua kwa nini prefe (mkuu) wa shule yao analalamika kuhusu stoo.

8. Mwalimu_Himbi
Prefe ameshalalamika kwa maandishi, Papa, tuyaache hayo.

9. Kivu_Kaskazini (Goma)
Nashangaa hakuna aliyetaja joto. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, usiku kunapoa, na stoo ya ukuta wa mawe ya lava inapoa zaidi. Ampuli ya waya ni jiko dogo. LED haipashi joto chochote cha kusemwa. Basi C ilikuwa inaota joto na B ilikuwa inatetemeka, ndiyo maana moja ikakua na nyingine haikukua. Bakteria wengi wa aina hii huoteshwa kwenye nyuzi joto kati ya 20 na 30, na kushuka kwa nyuzi chache kunatosha kuwapunguzia kasi kwa kiasi kinachoonekana.

10. Mwalimu_Himbi
Hoja ya namba 9 nimeifikiria, kwani kweli ukigusa chupa C upande wa ampuli, kioo kina uvuguvugu. Lakini kuna jambo moja nililoliona leo mchana ambalo linanitatiza. Kwenye C tulibandika karatasi yenye herufi ya chupa, na ilielekea taa. Nilipoibandua, chini yake palikuwa na mstatili msafi kabisa, wenye pembe kali kama uliokatwa kwa wembe, na kuuzunguka kioo chote ni chekundu. Karatasi ile haikuzuia joto kwa kiasi chochote cha maana, maana maji yaliyo nyuma yake ni yaleyale. Ilizuia mwanga. Halafu upande wa nyuma wa chupa, usioelekea ampuli, ukanda ni mwembamba na umepauka.

11. Fundi_Ampuli
Nimesema! Kesi imefungwa.

12. Dada_Hadubini
Haijafungwa, Fundi, punguza mwendo. Karatasi inaonyesha kwamba wanahitaji mwanga, jambo ambalo hakuna aliyelibisha hapa. Haionyeshi ni mwanga wa aina gani, wala haisemi lolote kuhusu chupa B. Joto nalo bado linaweza kuwa limeongeza kasi ya chupa nzima, na mwanga ukaamua tu ni wapi kwenye kioo wakae. Tena hawa wa zambarau wengi wanaogelea. Ukiwatazama kwenye hadubini ukiwa umeziba nusu ya mwanga, unaona seli inafika kwenye mpaka wa kivuli, inasita, inageuza na kurudi ilikotoka, punje za salfa zikimeta ndani yake. Engelmann alilieleza hilo pia. Kwa hiyo ule mstatili unaweza kuwa ni wa watu waliohama, na si lazima uwe wa watu wasiozaliwa.

13. Nusu_Usiku (Bukavu)
Nimesoma yote, na ninaona mmeruka kitu kilichoandikwa wazi kwenye namba 1. B inawaka saa 24. C inawaka na kuzimika kadiri delestaji (mgao wa umeme) inavyotaka. Hiyo ni tofauti kubwa kuliko rangi ya taa.

Mholanzi van Gemerden alichapisha mwaka 1974 kazi kuhusu aina mbili za Chromatium zilizowekwa kwenye chombo kimoja na kugombea salfaidi ileile. Mwanga ukiwa wa kudumu, ile ndogo, C. vinosum (jina la zamani la Allochromatium vinosum wa namba 3), inaifukuza nyenzake, kwa sababu inakua haraka zaidi salfaidi ikiwa kidogo. Ukiweka zamu za mwanga na giza, zote mbili zinaishi pamoja, kwa sababu gizani salfaidi inarundikana, na mwanga unaporudi ile kubwa, C. weissei, inaimeza kwa pupa na kuiweka akiba ndani kama salfa, kisha inaitumia polepole. Sisi hapa karibu na ikweta tuna mchana wa saa 12 na usiku wa saa 12 mwaka mzima, na viumbe vya matope ya kwetu vimezoea mdundo huo. Mwalimu amevinyima usiku.

14. Kemia_Lshi
Kazi hiyo ninaifahamu, na umeieleza vizuri, Nusu_Usiku, lakini inahusu mashindano ya wa zambarau kwa wa zambarau. Hata kwenye mwanga wa kudumu kulikuwa na mshindi, na chombo hakikubaki kitupu. Kwenye B hakuna hata mmoja. Maabara nyingi huwaotesha A. vinosum chini ya taa isiyozimwa, na wanakua bila kinyongo.

15. Nusu_Usiku
Maabara hazina mwani ndani ya chupa, Docta. Usiku unaunyima mwani nafasi ya kutengeneza oksijeni, na matope yanapata saa 12 za kuimaliza ile iliyobaki na kupandisha salfaidi upya. Ukiondoa usiku, umeuachia mwani uwanja. Hapo mimi na Dada tunakutana.

16. Mama_Labo (Goma)
Jioni njema. Mimi ninashughulika na vipimo vya hospitali, si vya ziwani, lakini mazoea ya kazi yananilazimisha kuuliza: ni nani amepima ukuaji? Naona mnajadili rangi.

Bakteria hawa, mwanga ukipungua, huongeza rangi ndani ya kila seli ili kunasa kile kidogo kilichopo, na mwanga ukizidi huipunguza. Chupa iliyokaa pembeni inaweza kuwa nyekundu sana ikiwa na seli chache, na iliyokaa kwenye mwanga ikawa imepauka ikiwa na seli nyingi zaidi. Msifikiri pia kwamba mtapona kwa kupima ukungu wa maji, kwa sababu punje za salfa zinatawanya mwanga, na maji yanageuka kama yaliyotiwa maziwa hata kabla seli hazijagawanyika. Kisha salfa ikiliwa, maji yanaanza kung'aa tena, na mtu anaandika kwenye daftari kwamba bakteria wamekufa wakati ndio kwanza wameshiba. Ukiyeyusha rangi kwa alkoholi na kuipima, umepima rangi, hujapima seli. Hesabuni seli kwenye kioo cha kuhesabia, kilekile tunachohesabia chembe za damu, au pimeni protini.

17. Fundi_Ampuli
Mama, kwenye B hakuna rangi yoyote ya zambarau, hata ya kupauka. Sifuri haihitaji kioo cha kuhesabia.

18. Mama_Labo
Sifuri ya macho, mwanangu, imeshanionyesha malaria nyingi.

19. Kivu_Kaskazini
Kwa nini msiende mbali kidogo tu na stoo? Ziwa letu la Kivu lina haidrojeni salfaidi, metani na kaboni dayoksaidi kwenye kilindi chake, kinachofika mita 485, kwa hiyo kule kilindini lazima pamejaa bakteria hawa, bila ampuli wala LED. Hiyo yenyewe inathibitisha kwamba wanapenda giza.

20. Dada_Hadubini
Kilindini hakuna usanisinuru, ndugu yangu, kwa sababu mwanga haufiki huko. Bakteria hawa wanahitaji vitu viwili vikutane, mwanga unaoshuka na salfaidi inayopanda. Kwenye sehemu kubwa ya Kivu, mpaka wa oksijeni uko makumi ya mita chini, na wakati wa kiangazi upepo unachanganya maji na kuusukuma chini zaidi, mahali ambapo mwanga ni wa kuhesabu chembe kwa chembe.

Ghuba ya Kabuno, hapa upande wa Goma kuelekea Sake, ni habari nyingine. Ghuba hiyo inaungana na ziwa kubwa kwa mlango mwembamba usio na kina, na oksijeni yake inakwisha karibu na mita 10 tu, ambapo mwanga bado upo. Mwaka 2015 watafiti walieleza kwamba pale kuna jamii kubwa ya Chlorobium inayofanya usanisinuru, na aina iliyotengwa kutoka ghuba hiyo imepewa jina Chlorobium phaeoferrooxidans. Ila tusiichanganye na mada: maji ya Kabuno yana chuma nyingi iliyoyeyuka, na huyu anavuna elektroni kutoka kwenye chuma, wala hategemei salfaidi kama nduguze. Rangi yake ni ya kahawia, yenye bakterioklorofili e.

21. Kemia_Lshi
Hao wa kahawia ndio jibu la Mwalimu kuhusu mwanga hafifu. Maji hufyonza infraredi haraka sana, kwa hiyo ukishuka mita chache tu, yale 800 na 850 tuliyoyasifia pale juu yameisha, na kinachobaki ni bluu na kijani. Huko wanatawala wenye karotenoidi zinazonasa rangi hizo. Katika Bahari Nyeusi wapo Chlorobium wanaoishi karibu na mita 100 chini. Na mwaka 2005 ilichapishwa habari ya ndugu yao mmoja wa kijani aliyetolewa kwenye chemchemi ya moto chini ya Bahari ya Pasifiki, zaidi ya mita 2,000, ambako jua haliji kabisa na mwanga pekee ni mng'ao hafifu wa chemchemi yenyewe. Kwa hiyo Chlorobium anaweza kuishi kwa mwanga ambao sisi tungeuita giza, lakini anakua polepole mno. Kuvumilia giza si kulipenda.

22. Mwalimu_Himbi
Nashukuru kwa yote. Naona nimepewa maelezo matano na kila moja lina mwenyewe. Nipeni basi jaribio ambalo shule isiyo na maabara inaweza kulifanya.

23. Fundi_Ampuli
Rahisi. Chukua ampuli ya waya, na kati yake na chupa weka chombo bapa cha kioo chenye maji safi, unene wa kiganja. Maji yatakula joto kali na yatapitisha sehemu kubwa ya 800 hadi 890. Hapo umemjibu Kivu_Kaskazini. Kisha tafuta kwenye studio ya zamani kipande cha filamu ya rangi kilichoungua mwanga chote kabla ya kusafishwa, kile cheusi tii. Jicho halioni kitu kupitia kwake, lakini infraredi inapita. Funika chupa yote kwa hicho. Mwani utakosa mwanga, wa zambarau wataupata. Wakitoka, nimeshinda.

24. Dada_Hadubini
Jaribio zuri, lakini ushindi utakuwa wangu pia, Fundi. Filamu hiyo inabadilisha aina ya mwanga na kuondoa mwani kwa pigo moja. Wakitoka, hutajua kama walifurahia infraredi au walifurahia kuondokewa na mwani. Unahitaji chupa nyingine chini ya LED nyeupe, ambayo mwani umezuiwa kwa njia tofauti, na LED izimwe usiku kwenye nusu ya chupa ili Nusu_Usiku naye apate haki yake. Na tafadhali wekeni chupa zote kwenye umbali uliopimwa, kwani ukiongeza umbali mara mbili kutoka kwenye ampuli, mwanga unabaki robo.

Mwalimu, kuna neno moja uliloliandika mwanzoni ambalo limenikaa kichwani. Ulisema matope ya B ni ya kijivu. Ya C ni ya rangi gani?

25. Mwalimu_Himbi
Ya C ni meusi kama makaa. Ya A ni meusi kwa mabaka.

26. Dada_Hadubini
Basi hebu tusimame hapo. Udongo wetu wa lava una chuma nyingi. Salfaidi inapotengenezwa na wale bakteria wa gizani wanaokula karatasi na jasi, ya kwanza kabisa inanaswa na chuma na kuwa salfaidi ya chuma, ambayo ni nyeusi. Chuma ikishatosheka, ndipo salfaidi inapanda juu kwa wenzetu wa zambarau. Matope ya kijivu maana yake ni kwamba kwenye B salfaidi haikuwahi kutosha hata kuyapaka rangi. Ungeiwekea taa yoyote duniani, hakuna ambaye angekua pale. Ndoo ilikuwa moja, lakini unga wa jasi unazama. Chupa ipi ilijazwa mwisho, kutoka chini ya ndoo?

27. Mwalimu_Himbi
C ndiyo ilijazwa mwisho. B ilikuwa ya pili, A ya kwanza.

28. Nusu_Usiku
Au oksijeni ya mwani, isiyopumzika usiku, imeula ule weusi wa B na kuurudisha kuwa kijivu. Salfaidi ya chuma ikikutana na oksijeni haibaki nyeusi. Kwa hiyo bado hujaniondoa, Dada.

29. Fundi_Ampuli
Nami sijaondoka. Kama jasi ilizama, basi A iliyojazwa kwanza ndiyo ingekuwa maskini kuliko zote, na mbona ina mstari wa wekundu na mabaka meusi? A iko dirishani, na jua la dirishani lina infraredi tele. Dada, hilo ulieleze kwanza, ndipo tuchanganye ndoo nyingine.